Ruta: kupanda mmea wa majuto bila kujuta

Siku nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nimepanda mmea mchungu kama shubiri, usiopikwa kama mboga, na ukiushika juani unaweza kukutoa malengelenge, alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza: "Sasa mwanangu, kodi ya hilo shamba unalipia nini?"

Shamba lenyewe si shamba. Ni kipande cha bustani ninachokodi kwa halmashauri hapa kusini mwa Uingereza, hatua kumi na tano kwa nane hivi, na viazi, maharage na maboga vingekijaza bila shida. Ila kuna kona moja yenye jua la kutwa na udongo wa kokoto uliokataa kila nilichokitia. Hapo nina vichaka vitatu vya ruta, na kila kiangazi hakosekani mtu wa kusimama na kuuliza ni kitu gani hicho chenye majani ya rangi ya bahari. Nimeeleza kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo sasa naandika.

Jina la kitaalamu ni Ruta graveolens, yaani ruta yenye harufu nzito. Waarabu huuita mmea huu sadhabu, na huko Yemen na Ghuba utasikia shadhabu. Waingereza husema rue, na kisa chote kimo humo: kwa lugha yao neno hilohilo, herufi kwa herufi, maana yake pia ni kujuta. Hakuna undugu wowote baina ya hayo mawili. Jina la mmea lilitoka kwa Wagiriki, likapita Kilatini na Kifaransa. La majuto ni la Kiingereza cha kale na lina ndugu yake katika Kijerumani hadi leo. Yamekutana njiani yakafanana sura. Waingereza lakini hawakuyaacha yapite hivihivi. Wakaupa mmea jina la pili, mmea wa neema, kwani ajutaye ndiye asamehewaye, na Shakespeare katika tamthilia yake ya Hamlet akamfanya binti Ophelia agawe ruta huku mwenyewe akijibakishia.

Mimi sikuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Kwetu majuto ni mjukuu, huja kinyume, na ruta ni mjukuu kwelikweli: unaigusa leo, ngozi inakujibu keshokutwa. Nitafika huko.

Na kama umekulia kanisani, ruta umeshapita juu yake bila kuijua. Luka 11:42, pale Mafarisayo wanapokemewa kwa kutoa zaka za majani ya bustanini, Kigiriki kinataja mnanaa na ruta. Biblia yetu ya Union ikaandika mnanaa na mchicha. Siwalaumu wafasiri, wangemwelezaje mtu wa pwani? Lakini mchicha, jamani.

Kwanza hakikisha unapanda ruta

Unaponunua mbegu, soma jina la Kilatini, usiridhike na la Kiingereza. Kuna mmea mwingine uitwao ruta ya Syria, ambao ni Peganum harmala, harmali ya Waarabu, ile ambayo Wairani huchoma mbegu zake kama ubani kufukuza kijicho. Hauhusiani na huu. Upo na mwingine wanaouita ruta ya mbuzi, jamii ya kunde. Huo nao uache.

Ruta za kweli utakazokutana nazo zaidi ni mbili. Graveolens ndiyo ya bustani za Ulaya. Ya pili, Ruta chalepensis, ndiyo ipandwayo sana Ethiopia, na Waethiopia wanaiita tena adam, "afya ya Adamu". Kuzitofautisha, ngoja zichanue. Ua ni dogo, la manjano yenye ukijani, na kingo za petali za graveolens zina meno kidogo, ilhali za chalepensis zina ndevu kama ukindu uliochanika. Ukishainamia ua tazama na jambo jingine: katika kila kishada, ua la katikati lililotangulia kufunguka lina petali tano, na wenzake wote wanaolizunguka wana nne nne. Nilihesabu asubuhi nzima siku nilipogundua, chai ikanipolea.

Ukitaka ile yenye rangi ya buluu hasa, tafuta aina iitwayo Jackman's Blue. Hiyo nunua mche uliokwisha ota, kwa sababu mbegu zake hazizai mtoto anayefanana na mama.

Mahali

Jua, na maji yasiyotuama. Hayo mawili yakiwepo mengine yote ruta itakusamehe. Asili yake ni kusini mwa Ulaya, kwenye vilima vikavu vya mawe ya chokaa, kwa hiyo udongo wenye chokaa unaipendeza na umaskini wa udongo si hoja. Samadi usiipe kabisa. Nilipoanza niliionea huruma nikaitilia mboji ndoo nzima. Ikarefuka, ikalegea, ikalala chini kama mlevi, na harufu ikapungua.

Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua tuta na uchanganye changarawe. Baridi ya hapa haiiui. Kinachoiua ni mizizi kukaa kwenye tope miezi minne ya majira ya baridi yenye theluji na mvua. Kwenye chungu inakubali pia, mradi kiwe na matundu ya kutosha chini na upana wa sentimita 30 au zaidi.

Jambo ambalo vitabu vingi vya bustani hulitaja mwishoni kwa herufi ndogo mimi naliweka hapa: usiipande kando ya njia. Wala karibu na mlango, wala pale watoto wanapochezea mpira, wala pembezoni mwa kitanda cha mchicha unachokwenda kuchuma kila siku ukiwa na mikono mitupu. Zamani wenye bustani kubwa waliifanya ua mfupi wa kuzungukia vitalu. Inapendeza machoni, ila kila apitaye anaifuta kwa mguu. Iweke nyuma, ambako ni lazima ukusudie ndipo uifikie.

Kusia na kuotesha

Mwezi wa tatu ndio wangu. Jaza trei udongo mwepesi wa kuoteshea, nyunyiza mbegu juu, zifunike kwa vumbi tu la udongo, kisha weka dirishani ndani ya nyumba penye joto la kama nyuzi 20. Usizifukie. Weka unyevu, si maji. Baadhi zitachomoza baada ya siku kumi, baadhi zitakukalisha mwezi mzima, na ni katika wiki ya tatu ambapo watu hukata tamaa wakamwaga trei. Usimwage.

Miche ikipata majani halisi mawili matatu, ile iliyogawanyika vidole vidole, ihamishie kwenye vikopo. Nje itoke mwezi wa tano jalidi ikishaondoka, lakini si kwa pupa: wiki moja iwe inatolewa mchana na kurudishwa usiku. Kati ya shina na shina acha sentimita 45. Itaonekana umeacha pengo la bure. Mwaka wa pili hutaliona pengo, maana kichaka kimoja hufika kimo cha sentimita 60 hadi 90 na upana karibu huohuo.

Mwagilia kila wiki kiangazi cha kwanza, basi. Kuanzia mwaka wa pili yangu haijapata ndoo yangu hata moja.

Njia ya haraka kuliko mbegu ni vipandikizi. Mwezi wa nane, kata vitawi ambavyo havikutoa maua, vya sentimita 8 hadi 10, vinavyoanza kukakamaa chini huku ncha ikiwa bado laini. Pukuchua majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga mkali kwa nusu kwa nusu, na weka kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo. Kikikataa kuja, kimeshika mizizi. Hiyo yote fanya na glavu.

Kupogoa, na kwa nini nimeweka glavu mlangoni

Ruta isiyopogolewa hugeuka kuni. Chini inabaki miti mitupu, juu ukoko wa majani. Dawa yake ni kuikata kwa nguvu mara moja kwa mwaka, mwezi wa nne, chipukizi zinapoanza kuonekana. Ishushe hadi sentimita 15 au 20 kutoka ardhini, ukiacha macho ya majani kwenye kila shina. Siku hiyo itakuwa mbaya kama kuku aliyenyonyolewa. Kufika mwezi wa sita imejaa.

Mwezi wa nne una faida nyingine: jua bado ni dogo na wewe bado umevaa sweta.

Mwaka wangu wa tatu sikuwa na adabu hiyo. Nilisahau kupogoa, maua yakachachamaa, na alasiri moja ya mwezi wa saba, joto limefika nyuzi 28, nikaingia na mkasi nikiwa na fulana ya mikono mifupi. Nilikata kama saa nzima. Utomvu ulinirukia, majani yakanipangusa viwiko, na kwa kuwa hayakuwasha hata chembe, sikunawa. Nikakaa juani nikala tikiti. Usiku nikalala vizuri. Siku ya pili asubuhi nikaona mistari myekundu mikononi, nikadhani ni wadudu. Siku ya tatu mistari ilivimba ikawa malengelenge yaliyojipanga kama niliyecharazwa kwa fimbo ya mpera. Mfamasia aliangalia mara moja tu akauliza: "Ulikuwa unakamua ndimu au unalima?"

Swali lake lilikuwa la kitaalamu. Ruta ni ndugu wa mlimau, mndimu na mchungwa. Jamii hiyo nzima kwenye elimu ya mimea inaitwa Rutaceae, kwa jina la ruta. Ndani ya utomvu wake mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zenyewe kwenye ngozi kivulini hazina neno. Zikipigwa na mionzi ya jua ya urujuanimno zinaamka na kuunguza seli za ngozi. Ndiyo maana hakuna muwasho papo hapo, na ndiyo maana aliyekamua ndimu ufukweni kisha akakaa juani anaweza kuamka na mabaka yaleyale. Huu si mzio wa watu wachache. Ni kuungua, na yeyote anaweza kuungua.

Wala asikudanganye mtu kwamba ngozi nyeusi imesalimika. Malengelenge yangu yalikauka baada ya wiki mbili, lakini mistari ya kahawia nzito ilibaki hadi Krismasi, na hiyo alama kwenye ngozi zetu ndiyo hukawia kuliko kidonda.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa sasa ni huu. Glavu ndefu za mpira, si za kitambaa, maana kitambaa hunywa utomvu na kukuwekea ngozini. Mikono mirefu na suruali. Kazi inafanywa jioni jua likiwa limeshuka, na siridhiki na mawingu, kwani mionzi hiyo hupenya mawingu. Nikimaliza naosha mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, naosha na mkasi, nguo zinakwenda kufuliwa. Usiikate kwa mashine ya kufyekea majani. Itakurushia vipande hadi usoni.

Ikishakugusa, nawa kwa sabuni na maji mengi saa hiyohiyo na funika mahali hapo pasipigwe na jua siku mbili nzima. Malengelenge yakitoka usiyatumbue. Yakiwa mengi, au yakiwa usoni, au utomvu ukiingia jichoni, nenda kwa daktari na mtajie jina la mmea, asije akapoteza muda kutafuta wadudu.

Nani asiiguse kabisa

Mjamzito. Hapa sina utani. Kwa karne nyingi ruta imetumika sehemu mbalimbali za dunia kutolea mimba, na wanawake wameumwa vibaya na wengine kufa kwa chai yake, kwa kuwa kipimo kinachofanya kazi hiyo kinakaribiana na kile kinachoharibu ini na figo. Usinywe, usionje, usiitie kwenye chakula ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Mtoto mdogo asipewe. Anayetumia dawa zinazofanya ngozi iogope jua naye akae mbali na kichaka.

Na kuna mtego mwingine. Harufu ya ruta hutokana zaidi na kitu kiitwacho 2-undekanoni, ambacho kweli hutumika kutengenezea dawa za kufukuza mbu. Mtu akisikia hivyo anaweza kuchuma majani ajipake mikononi jioni. Jioni hiyo sawa, na kesho asubuhi juani? Usijipake.

Kuvuna, na kijiti kimoja kwenye kahawa

Matawi machanga ya kabla ya maua ndiyo bora. Kata asubuhi umande ukishakauka, glavu mkononi. Kukausha, funga vishada vidogo uning'inize kivulini penye upepo. Vikikauka harufu inapungua sana, na kwangu mimi ruta kavu haina maana ya jikoni.

Warumi wa kale waliila kwelikweli. Kuna mchanganyiko wao wa jibini, vitunguu saumu, giligilani na ruta, unatwangwa kwenye kinu na kupakwa kwenye mkate. Pliny, mwandishi wao, naye ameandika dawa ya mfalme Mithridates ya kukinga sumu: jozi mbili kavu, tini mbili, majani ishirini ya ruta, na chembe ya chumvi. Hiyo sijaijaribu wala sikushauri. Waitalia hutumbukiza tawi zima kwenye chupa ya pombe kali ya zabibu na kuliacha humo likielea, zuri kama samaki kwenye tangi.

Niliyoijaribu ni ya Kihabeshi. Mama mmoja wa Addis Ababa ana kipande jirani na changu, na yeye ndiye aliyenionyesha. Kahawa ikishamiminwa kikombeni, anachukua kijiti kimoja cha tena adam, urefu wa kifundo cha kidole, anakichovya, anakiacha dakika moja hivi, anakitoa. Hakichemshi. Sisi tuliozoea kahawa chungu ya buli na kashata pembeni, yenye tangawizi inayokuna koo, tunadhani tunajua uchungu. Huu ni mwingine. Kwanza pua inapata kitu kama ganda la chungwa lililosuguliwa na majani makavu, halafu kahawa, halafu uchungu unakuja peke yake, umechelewa, upande wa nyuma wa ulimi. Nilipenda kikombe cha pili kuliko cha kwanza. Kijiti kimoja, kikombe kimoja, na si kila siku.

Wadudu, paka na uzee

Hapa nilipo ruta haina adui wa maana. Konokono wanaokula kila kitu huikwepa. Amerika Kaskazini, ambako baadhi ya vipepeo wakubwa hulea viwavi wao kwenye michungwa, viwavi haohao hula na ruta, na wenye bustani wengine huipanda kwa ajili yao. Inasemekana paka huikimbia. Paka wa jirani yangu hajaambiwa. Analala chini ya kichaka changu cha kati kila alasiri.

Baada ya miaka mitano sita shina hunenepa na kupasuka, majani yanabaki nchani, na kupogoa hakusaidii tena. Usipigane naye. Uwe umeshaotesha kipandikizi mwaka uliotangulia, ng'oa mzee, panda kijana. Mabaki hayachomwi karibu na watu. Yatie kwenye lundo la mboji na yafunike.

Ukitaka mbegu, acha vishada viwili vitatu visikatwe. Maua yakidondoka hubaki vitumba vya kijani vyenye mabonde manne, vimejaa vidoa vya mafuta ukivitazama kwa karibu, kama ganda la ndimu. Mwezi wa tisa vinakuwa vya kahawia na ukivitikisa vinalia njuga. Vikate, vitie kwenye bahasha ya karatasi, viache viatuke vyenyewe. Mbegu ni nyeusi, zimekunjamana, kubwa kidogo kuliko za mchicha. Usizifunge kwenye sanduku kwenda nazo nyumbani bila kibali cha afya ya mimea; uwanja wa ndege wana haki ya kukunyang'anya na watakunyang'anya.

Kwangu hilo halina shida. Mama ameshasema nisimletee. Muarobaini ulioko uani unamtosha.